Drili rahisi, vipuri adimu: soko la zana za karakana ya nyumbani

Katika maduka ya zana ya Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, mnunuzi huvutwa na rangi kabla ya jina. Njano na nyeusi ni INGCO, kijani cha maji ya bahari ni Total, buluu iliyokolea ni Bosch, na ile buluu inayokaribia kijani ni Makita. Ukiuliza drili mbili zilizokaa pamoja rafuni zina tofauti gani, muuzaji atakutajia wati: hii 650, ile 850, na hii nyingine 1,100. Bei hupanda kwa mpangilio huohuo. Soko zima limejifunza kuuza wati, na wanaoumia zaidi ni wanunuzi wapya: mwenye nyumba anayetaka kufunga makabati yake mwenyewe, kijana aliyegeuza kibaraza cha kwao kuwa karakana ya stuli na vitanda, mstaafu anayerudia useremala aliojifunza shule ya ufundi.

Wati zilizoandikwa kwenye kibandiko ni umeme ambao mashine inakula, si kazi inayotoka kwenye ncha ya biti. Sehemu ya umeme huo huishia kuwa joto ndani ya mota, na mota mbovu hupoteza sehemu kubwa zaidi. Kwa hiyo drili mbili za wati 650 zinaweza kupishana sana kazini. Moja itatoboa zege la linta tundu baada ya tundu. Nyingine, kabla hujafika mbali, itaanza kunuka vanishi iliyoungua. Tofauti imejificha mahali ambapo jicho halifiki dukani: waya wa shaba au wa alumini, beringi za gololi au bushi tupu, gia za chuma kigumu au za chuma laini kinachosagika.

Kwa kuwa mnunuzi hawezi kuipasua mashine dukani, swali lenye faida ni moja: ikiharibika, nitapata wapi kaboni, swichi na amecha? Muuzaji anayejibu kwa kufungua droo na kukuonyesha vipuri anauza kitu tofauti kabisa na yule anayejibu kwamba "hizi haziharibiki," hata kama boksi ni la rangi moja.

Uzito wa swali hilo unaonekana kwa mafundi wa kusuka mota. Zana nyingi za umeme zenye waya zina mota ya kaboni: vipande viwili vya kaboni hubanwa kwa springi juu ya amecha inayozunguka, na hulika kidogo kidogo kila mashine inapofanya kazi. Kulika kwake kumekusudiwa na mtengenezaji. Kwenye mashine iliyofikiriwa vizuri kuna vifuniko viwili vidogo ubavuni. Unavifungua kwa bisibisi, unatoa kaboni zilizokwisha, unatia mpya, kazi inaendelea. Ukipuuza mpaka cheche zijae na amecha ichimbike, gharama inahama kutoka bei ya kaboni kwenda bei ya kusuka mota, na kwenye mashine za bei ya chini hapo ndipo fundi mwenyewe atakushauri ununue nyingine.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme drili moja inauzwa shilingi 80,000, haina vipuri sokoni, na kwa kazi ya kila siku inakaa mwaka mmoja. Nyingine inauzwa 240,000, inabadilishwa kaboni za 10,000 kila mwaka, na inakaa miaka sita. Mwenye drili ya kwanza atakuwa ametoa 480,000 ndani ya miaka sita. Wa pili, akibadili kaboni mara tano, atakuwa ametoa 290,000, bila kuhesabu siku ambazo wa kwanza alisimama kazi akitafuta mashine. Lakini hesabu hiyohiyo inageuka kwa mtu anayetoboa ukuta mara nne kwa mwaka ili atundike pazia na rafu. Huyo achukue ya 80,000 kwa moyo mweupe, fedha iliyobaki anunue biti nzuri, kwa sababu drili ya kawaida yenye biti kali inaishinda drili ghali yenye biti butu. Naona ushauri wa "nunua ghali mara moja" umewafanya wengi wafungie mtaji kwenye mashine zinazolala kabatini.

Wengine hukwepa swali la vipuri kwa kuuliza nchi iliyotengeneza. Hilo halisaidii tena. Yongkang katika jimbo la Zhejiang na Qidong katika Jiangsu ni miji inayoishi kwa viwanda vya zana, na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou na Yiwu wanakutana na kila daraja la ubora, kulingana na bei wanayoagiza. Makita ina kiwanda Kunshan, Bosch ina kiwanda Hangzhou. Hata umbo la drili halina siri ya nchi: mpini wa bastola na swichi ya kidole ulipata hataza ya Black & Decker wa Baltimore mwaka 1917. Na Makita yenyewe ilianzia Nagoya mwaka 1915 kwa kukarabati na kuuza mota, kazi ileile inayofanywa leo na fundi wa Gerezani mwenye meza, waya wa shaba na mita ya umeme. Randa ya kwanza ya umeme ya Makita ilikuja baadaye, mwaka 1958. Kwa hiyo karakana ya kusuka mota ni biashara yenye heshima na mustakabali, na inastahili mikopo kama yanavyostahili maduka.

Mustakabali huo, hata hivyo, unabadilishwa na betri. Drili ya betri ya lithiamu imekuwa zana ya kwanza kununuliwa na watu wengi wa karakana za nyumbani, na kwa haki: haitegemei soketi, haikatishwi na mgao wa umeme, na inafunga skrubu vizuri kuliko drili nzito ya waya. Lakini hapa napo soko limejaa namba za kupotosha. Mashine iliyoandikwa volti 20 na nyingine iliyoandikwa volti 18 mara nyingi zina betri ileile ya seli tano zilizoungwa mfululizo. Seli moja ikiwa imejaa ina takriban volti 4, na katika kazi ya kawaida ina 3.6. Zidisha kwa tano utaona 20 na 18 zimetokea wapi. Kipimo cha kulinganisha ni volti mara ampea-saa: betri ya volti 18 yenye ampea-saa 4 ina wati-saa 72, na ya ampea-saa 2 ina 36. Anayeleta zana kutoka Dubai kwa ndege akumbuke kwamba betri za akiba husafiri kwenye mkoba wa mkononi, na zaidi ya wati-saa 100 huhitaji kibali cha shirika la ndege.

Kinachouzwa kwenye zana za betri, kwa kweli, ni uaminifu wa miaka mingi kwa kampuni moja. Betri ya rangi moja haiingii kwenye mashine ya rangi nyingine, kwa hiyo aliyenunua drili tayari amechagua jigso, msumeno wa duara na tochi atakazonunua baadaye. Ndiyo maana drili na betri mbili huuzwa kwa bei ya kuvutia, halafu betri ya tatu peke yake inakushtua. Kabla ya kulipia drili, uliza bei ya betri peke yake. Kama dukani hawana betri ya kuuzwa peke yake, unanunua mashine ambayo uhai wake utaisha pamoja na seli zake. Wapo mafundi wanaofungua betri na kubadilisha seli za 18650, zile za milimita 18 kwa 65, na wanaokoa fedha nyingi za watu. Fundi mzuri huchomelea kwa mashine ya nukta badala ya kuunguza seli kwa risasi, na hulinganisha seli kabla ya kuziunga. Mota zisizo na kaboni, ambazo sasa zinashuka bei, zinamwondolea mnunuzi usumbufu wa kaboni lakini zinaweka bodi ya kielektroniki mahali pake. Ikifa bodi, fundi wa kusuka mota hana cha kusuka. Vyuo vya ufundi vya VETA vinavyofundisha umeme vina sababu ya kulitazama hilo mapema.

Soko la mtumba lina hazina na mitego. Mtego mkubwa ni plagi ya njano ya mviringo. Maeneo ya ujenzi ya Uingereza hutumia zana za volti 110 kupitia transfoma, kwa usalama wa wafanyakazi, na zana hizo zikichakaa kule husafiri kwenye makontena hadi kwetu. Mtu akikata plagi ya njano na kufunga ya kawaida, mota ya 110 inapokea 230 na kuungua kwa sekunde chache. Zana za Japani ni za volti 100, za Marekani 120, na zote zinahitaji transfoma yenye uwezo wa kutosha. Kwenye mashine za mezani zenye mota za induksheni kuna jambo la ziada: iliyotengenezwa kwa hezi 60 itazunguka polepole kwa sehemu moja kati ya sita kwenye hezi 50 zetu, na transfoma haisaidii kitu kwa hilo. Soma kibandiko cha mota, si maneno ya kwenye boksi.

Hazina iko kwenye zana za mkono. Randa kuukuu ya chuma ya Stanley au Record, jiliwa la chuma la kutupwa, patasi za Sheffield zilizopata kutu: hivi havina volti, na chuma chake mara nyingi ni bora kuliko cha seti mpya inayong'aa kwenye plastiki. Kutu huondoka kwa msasa. Angalia tu kwamba mwili wa randa hauna ufa na kisu hakijanolewa mpaka karibu na tundu. Wahunzi wetu nao, wa Gerezani na wa Kamukunji kule Nairobi, hufua patasi kutoka springi za gari, chuma chenye kaboni ya kutosha kushika makali kikipozwa vizuri.

Kwa anayeanza, ningeweka fedha za kwanza kwenye kupima na kubana kabla ya mashine yoyote: futi nzuri, skwea iliyo kweli mraba, pima maji, penseli kali, klampu nne. Skwea hupimwa bure dukani: chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena kutoka nukta ileile, mistari ikiachana, irudishe rafuni. Kisha nyundo, bisibisi, msumeno wa mkono, patasi mbili, randa na jiwe la kunolea. Drili ya betri inafuata, halafu jigso au msumeno wa duara, kutegemea kama kazi zako ni za mikunjo au za kuchana mbao ndefu na plaiwudi.

Mbao nazo zina sauti katika uchaguzi huo. Paini ya Sao Hill, Mufindi, inakatwa na karibu kila kitu, ila kisu butu huichana nyuzi badala ya kuikata. Mninga unamtii mwenye kisu kikali. Mtiki wa Kilombero na Longuza una silika inayokula makali, kwa hiyo diski ya meno ya kabaidi hapo ni lazima. Diski ya meno 24 inachana haraka kwa kufuata nyuzi na kuacha uso mbaya. Ya meno 60 inakata taratibu na kuacha uso safi. Na hakuna sababu ya karakana ya nyumbani kununua mashine kubwa ya kuranda: kwenye maeneo ya mbao na kwa mafundi wa samani wa Keko utalipia huduma ya kuranda na kuchana, urudi na mbao zilizonyooka.

Mashine ninayotaka iheshimiwe kuliko zote ni grenda. Grenda ya milimita 115 huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, na ukingo wa diski yake unakwenda mita 66 kwa sekunde. Diski za kukatia za kawaida zimepimwa kuhimili mita 80. Anayetoa kinga ili aingize diski ya milimita 230 kwenye mashine hiyo ndogo anaifikisha mita 132 kwa sekunde, na diski inaweza kupasuka usoni pake. Hatari nyingine iko kwa wanaofunga diski ya msumeno wa mbao kwenye grenda. Meno yakinasa, mkono hauwezi kuishika. Diski za kukatia huandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pete ya chuma katikati, kwa kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa, kwa sababu gundi inayozishika hudhoofu kwa unyevu. Katika hewa ya pwani hilo si jambo dogo, na bado ni nadra kumwona mnunuzi akisoma pete hiyo. Miwani ya kinga na barakoa ziingie kwenye bajeti ya mashine yenyewe; vumbi la mbao limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Bidhaa feki zipo, na Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango, TBS, wana kazi yao. Mnunuzi ana silaha yake pia: risiti ya kodi ya EFD yenye jina la mashine na namba yake. Ameshalipa VAT ndani ya bei, na bila risiti hiyo neno "garantii" halina pa kushika.

Kwa mfanyabiashara anayetafuta nafasi, maduka ya kuuza drili yamejaa. Wachache ndio wanaonoa diski za kabaidi, wanaokodisha mashine nzito ya kuvunja zege kwa siku, au wanaoweka sanduku la kaboni lililopangwa kwa ukubwa na namba za modeli. Mtaji wa sanduku hilo ni mdogo kuliko wa rafu ya mashine mpya, na kila drili inayouzwa na jirani inamletea mwenye sanduku mteja.