Mkaguzi wa mishiri ya nyumbani ni mwenyewe

MISHIRI ni zao ambalo Wakenya wengi hulihusisha na Mwea, Machakos au Meru, ambako wakulima huyakuza maganda hayo machanga kwa ajili ya meza za Ulaya. Hata hivyo, aina yake fupi, isiyohitaji kuegemezwa kwa miti, hustawi hata katika kipande kidogo cha ardhi nyuma ya nyumba, na huanza kuvunwa takriban siku 45 hadi 50 baada ya kupandwa.

Mahali panapofaa ni penye jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Aidha, pasiwe palipandwa maharagwe, kunde wala njegere msimu uliotangulia, kwani mimea ya jamii moja huambukizana maradhi kupitia udongo na masalio. Changanya udongo na samadi iliyooza barabara, kisha panda mbegu katika kina cha sentimita 3 hivi, ukiacha sentimita 10 kati ya mbegu na sentimita 30 kati ya mistari. Ni busara kupanda mstari mmoja kila baada ya wiki mbili ili jikoni kusikauke. Mbegu za dukani aghalabu huwa zimepakwa dawa yenye rangi. Zisiliwe wala kuachiwa watoto.

Adui wa kwanza ni inzi wa maharagwe. Inzi huyo hutaga mayai kwenye majani ya miche, na mabuu yake hupenya hadi shinani. Mche hugeuka manjano, shina huvimba na kupasuka karibu na ardhi, kisha hunyauka. Ng'oa miche iliyoathirika na uiteketeze, halafu ipandishie udongo ile iliyosalia ili ichipuze mizizi mipya juu ya jeraha. Baadaye huja vidukari, na wakati wa maua huja thripi, wadudu wembamba wanaojificha ndani ya ua na kuyatia maganda makovu. Kutu nayo hupenda majani yenye unyevu. Kwa hivyo mwagilia maji shinani, tena asubuhi.

Hapa ndipo wengi hukimbilia bomba la dawa. Wakulima wa kuuza nje wana mkaguzi. Mnamo Januari 2013, Umoja wa Ulaya ulizidisha ukaguzi wa mishiri kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa, na wakulima wengi wadogo wakaumia. Sufuria ya nyumbani haikaguliwi na yeyote.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kila dawa huandikwa kibandikoni siku ambazo sharti zipite kabla ya mavuno. Mishiri nayo, ikishaanza kuzaa, huchumwa kila baada ya siku mbili au tatu. Iwapo kibandiko kinasema siku saba, basi dawa hiyo haiwezi kutumika wakati wa mavuno bila kuyatupa maganda ya wiki nzima. Kuosha kwa maji hakutoshi, kwa kuwa baadhi ya dawa hupenya ndani ya mmea. Ikibidi kunyunyiza, fanya hivyo kabla ya maua, kwa kipimo kilichoandikwa. Baada ya hapo, tumia mikono: ponda vidukari, kata majani yenye kutu na ung'oe magugu.

Chuma maganda yangali membamba na yenye kuvunjika kwa mlio, kabla mbegu hazijatuna. Mmea unaoachiwa maganda yakakomaa huacha kutoa maua, bali unaochumwa mara kwa mara huweza kuzaa kwa wiki tatu hivi. Mavuno yakiisha, ng'oa mashina yote na upande sukuma wiki au vitunguu mahali pale.

Familia yenye bustani ya hatua chache haina haja ya kushindana na mashamba makubwa kwa wingi wa mavuno. Faida yake ni kujua hasa kilichonyunyiziwa chakula chake, na siku kiliponyunyiziwa.