Mdomo wa Korongo, Kucha za Chui Milia

Video yenyewe ipo mtandaoni, nyeusi na nyeupe, na sijawahi kumwonyesha mtu asicheke. Ni Macau, tarehe 17 Januari 1954. Ulingoni wamo wanaume wawili: Wu Gongyi, bingwa wa taijiquan aliyekwishavuka miaka hamsini, na Chan Hak Fu, kijana kwake kwa umri, mwalimu wa staili ya Korongo Mweupe. Pambano ni la hisani. Usiku wa Krismasi iliyotangulia, moto uliteketeza makazi ya mabanda ya Shek Kip Mei, Hong Kong, na zaidi ya watu 50,000 wakabaki bila pa kulala. Magazeti yameshapiga tarumbeta vya kutosha, watu wamejaa pomoni, na kila mmoja anamsubiri korongo.

Korongo haonekani. Wanachoona ni watu wawili wazima wakirushiana mikono mirefu, wakikosana, wakigongana, wakiachana tena. Pua ya Chan inatoka damu. Raundi ya pili inakatizwa, waamuzi wanashauriana, kisha wanatangaza: hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa, na sare nayo si sare. Uelewe mwenyewe.

Siku tatu baadaye gazeti la Hong Kong liitwalo Xin Wan Bao, likitaka kuuza joto la pambano lile kabla halijapoa, likaanza kuchapa hadithi ya mfululizo ya Liang Yusheng kuhusu mabingwa wa mapigano. Mwaka uliofuata mwenzake, Jin Yong, akaanza ya kwake. Riwaya za aina hiyo zikashika moto, na sinema nazo zikachota humo humo. Yaani pambano ambalo korongo aligoma kujitokeza ndilo lililosaidia kuzaa hadithi ambamo korongo hashindwi kamwe.

Sisi wa mabanda ya video tuliletewa hadithi hizo zikiwa zimeiva. Mimi nafundisha kareti jioni huku Temeke, na kama wengi wa rika langu niliingia dojo kwa mlango wa picha la Kichina. Kuna lile la mwaka 1978, Snake in the Eagle's Shadow, ambamo Jackie Chan ni kijana wa kuonewa. Anamwona paka akimuua swila, anaigiza makucha ya paka, na kuanzia hapo steringi hakamatiki. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na paka. Mpaka leo wanafunzi wapya huniuliza: "Sensei, hizi staili za wanyama zinapiga kweli, au ni za kwenye picha tu?"

Huwa nawajibu kwa swali: unamtaka mnyama gani, na unataka kumchukua kipande gani?

Maana mnyama hakuanza kama silaha. Wachina walikuwa wakijinyoosha kwa majina ya wanyama kwa ajili ya afya tangu zamani sana; kwenye kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, ilikutwa hariri yenye michoro ya watu wakifanya mazoezi hayo. Tabibu Hua Tuo, aliyefariki mwaka 208, anatajwa kuwa ndiye aliyepanga michezo ya wanyama watano: chui milia, paa, dubu, nyani na ndege. Wale watano maarufu wa Shaolin, yaani chui milia, korongo, chui, nyoka na joka, ni orodha nyingine kabisa. Na ukiwa na joka kwenye orodha, mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwona akipigana, unajua hapo hakuna aliyekaa porini akinakili. Jina la mnyama lilimsaidia mwanafunzi asiyejua kusoma kukumbuka mwili unatakiwa uweje: mzito, mwepesi, wa kunyumbuka.

Chukua kucha za chui milia. Kwenye picha vidole vinakunjwa na kifua cha adui kinararuliwa. Hilo lisahau, kucha zetu hazichani mtu hivyo, na kidole kikigonga paji la uso kinachoteguka ni kidole. Lakini tazama vidole vikikunjwa namna ile nini kinatokea chini yake. Kifundo cha mkono kinarudi nyuma, na kitako cha kiganja kinabaki mbele, kigumu, kimenyookeana na mifupa ya kigasha. Silaha ni hiyo. Ngumi kavu ikigonga fuvu, mara nyingi huvunjika mfupa wa kiganja ulio nyuma ya kidole cha mwisho, na madaktari wameupa mvunjiko huo jina la mabondia. Kitako cha kiganja hakina shida hiyo. Mashindano ya Pancrase yalipoanza Japani mwaka 1993, kanuni zilikataza kumpiga mtu usoni kwa ngumi ya kufumba. Mholanzi Bas Rutten akawa anaangusha watu kwa viganja vilivyo wazi, mpaka akawa bingwa. Hakujiita chui wala paka.

Nyoka ni kesi nyingine. Vidole vilivyonyooshwa kwenda machoni vikifika vinafanya kazi, wala hakuna ubishi. Machi 2021 pambano la UFC kati ya Leon Edwards na Belal Muhammad lilivunjwa mwanzoni mwa raundi ya pili kwa sababu kidole cha Edwards kilimwingia mwenzake jichoni. Ilikuwa bahati mbaya, na staili ya nyoka inakwama hapo hapo. Pigo la jicho halifanyiwi mazoezi ya kweli. Mwenzako ana macho mawili, ukiyaharibu Jumatatu, Jumatano utafanya na nani? Basi unalifanya hewani, au unalisimamisha sentimita kumi kabla ya uso, na mwili unajifunza hicho hicho: kusimama sentimita kumi kabla ya uso. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alilijua hili. Alipoanzisha shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, mbinu za hatari hakuziweka kwenye mazoezi huru. Alibakiza zile ambazo unaweza kumfanyia mwenzako kwa nguvu zako zote, naye akainuka, mkashikana tena. Mbinu za judo zilionekana pungufu kwenye karatasi, lakini watu wake walikuwa wanarushana kila siku.

Ninayempenda mimi ni vunjajungu. Staili yake ya kaskazini inatoka Shandong, na masimulizi yanampa sifa mtu aitwaye Wang Lang, ambaye eti alimtazama mdudu huyo akipambana na nyenze. Mkono unakunjwa kifundoni kama ndoano, vidole vinatazama chini. Watoto hudhani unadonoa kwa ncha za vidole. La hasha. Ngumi ya mwenzako inakuja. Kigasha chako kinaipokea kwa upande wa nje, kifundo kinajikunja juu ya kifundo chake, vidole vitatu vya mwisho vinabana, na papo hapo unashusha kiwiko chako kuelekea mbavuni. Kinachovuta ni uzito wa mwili mzima. Bega lake linaletwa mbele, uso unafuata, na mkono wako wa pili ulishatangulia kuusubiri. Wacheza mieleka wanafanya jambo hilo hilo kila siku na hawajui habari za vunjajungu. Ila ndoano hii ina mipaka yake. Bondia mzuri hurudisha ngumi yake ya mbele kabla hujaifunga, kwa hiyo ndoano inafaa pale ambapo mikono imeshagusana na mtu anasukuma au anakung'ang'ania. Tena mvalishe vunjajungu glavu za ndondi uone: vidole vimefungwa, ndoano imekufa. Anayesema staili hii ilishindwa ulingoni, mwulize kwanza walikuwa wamevaa nini.

Staili za tumbili na mlevi nawaachia wanasarakasi, na nawaheshimu. (Mlevi si mnyama, najua, ingawa mtaani kwetu wapo wa kulibishania hilo.) Michezo yao siku hizi inahukumiwa kwa alama, na anayeicheza vizuri ana mwili ambao mimi siupati tena.

Korongo mwenyewe yumo kwetu kwenye kareti, kajificha. Higaonna Kanryo wa Okinawa alikwenda kusoma Fuzhou, katika jimbo la Fujian, ambako Korongo Mweupe wa kusini ni wa nyumbani. (Korongo wa Chan Hak Fu ni wa ukoo mwingine, unaojihesabia asili ya Tibet.) Mwanafunzi wake, Miyagi Chojun, ndiye aliyeipa kareti yake jina la Goju-ryu, na Goju-ryu inachezwa sana hapa Dar es Salaam. Katika kata yetu ya Tensho, yaani miondoko iliyopangwa ya kufanywa peke yako, kifundo kinakunjwa na mgongo wa mkono unapanda. Hapo korongo anachungulia. Peke yake inaonekana kama dansi. Halafu tunafanya kakie: watu wawili wanagusanisha vigasha, wanasukumana na kuvutana, kila mmoja akitafuta mwanya wa kumyumbisha mwenzake. Mwanzoni polepole, baadaye mtu anaweza kuvutwa mpaka ukutani. Hapo unajua nani ameielewa Tensho na nani ameikariri. Hakuna anayesimama kwa mguu mmoja.

Nataja mguu mmoja kwa sababu ya filamu ya The Karate Kid ya mwaka 1984 na lile teke lake la korongo. Tarehe 30 Aprili 2011, mjini Toronto, Lyoto Machida, Mbrazili aliyefundishwa kareti na baba yake Mjapani, alimpiga mpinzani wake wa UFC, Randy Couture, teke la mbele la kuruka lililomng'oa jino na kumlaza. Watu wote wakapiga kelele: korongo! Rudisha picha nyuma. Mikono haikupepea, wala hakuganda hewani akisubiri kupigwa picha. Aliinua mguu wa kwanza kumdanganya, Couture akauangalia, na wa pili ukamfika kidevuni. Teke kama hilo hulipati bila kulirudia mbele ya watu wanaokwepa, miaka nenda miaka rudi.

Juzi mama mmoja alinifuata baada ya mazoezi. Mwanawe anataka kujiunga na mahali panapotangaza staili ya fira, naye hajui kama ni utapeli. Nikamwambia aende siku ya mazoezi, akae pembeni, maelezo ya mwalimu yampite tu. Atazame kama wanafunzi wanapambana na mtu ambaye hataki kupigwa. Na wakifungua mabegi, achungulie: asipoona hata kilinda meno kimoja, kijana atarudi nyumbani anajua kumwigiza fira vizuri sana.

Akaniuliza kilinda meno ni shilingi ngapi.