Sindano inazima maumivu, jeraha linabaki palepale

CHAKE CHAKE. FAINALI imebaki siku mbili Uwanja wa Gombani, straika enka imeumuka kama andazi. Kocha anamtaka, mashabiki wanamtaka, naye hataki kukosa. Hapo ndipo mtu wa pembeni humnong'oneza: "Kachome sindano tu, utacheza freshi."

Kucheza atacheza. Swali ni kesho yake.

Sindano hiyo mara nyingi ni kortisoni au dawa za ukoo wake, yaani steroidi za kutuliza uvimbe. Usizichanganye na zile za kujaza misuli. Hizi zinapambana na kemikali zinazoitwa prostaglandini.

Ukikanyagwa enka, seli zilizoumia hutoa prostaglandini. Mishipa ya damu hutanuka, mguu unavimba na kupata joto, na neva zinakuwa nyepesi kuhisi maumivu. Hicho ni king'ora cha mwili: simama, hapa pameharibika.

Vidonge kama diklofenaki huzuia vimeng'enya vinavyotengeneza prostaglandini. Steroidi zinaanzia juu zaidi: zinazuia pia malighafi yake isitoke kwenye kuta za seli. Ni kama kufunga bomba kuu la mtaa badala ya koki ya jikoni.

Tatizo ni kwamba uvimbe huohuo ndio unaoanzisha ukarabati. Ukizimwa, ligamenti iliyochanika bado imechanika, ila mwenyewe hasikii na anazidi kuikimbilia. Sindano za mara kwa mara hudhoofisha kano na kuharibu gegedu la goti.

Gabriel Batistuta, mfungaji hatari wa Argentina, alistaafu 2005 baada ya miaka ya kucheza na maumivu. Enka zilimtesa hadi akamwomba daktari amkate miguu.

Kuna kitanzi kingine. Tangu Januari 1, 2022, Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa Michezoni (WADA) limepiga marufuku sindano zote za steroidi hizi wakati wa mashindano, labda mchezaji awe na kibali cha matibabu. Na dawa inaweza kubaki mwilini siku nyingi baada ya kuchomwa.

Tangu Zanzibar Heroes walipobeba Kombe la Mapinduzi hapo Gombani Januari 2025, kijana gani wa Wete au Mkoani asiyeota jezi ile? Basi kabla ya kukunja mkono wa jezi, muulize daktari mambo mawili: hii ni dawa gani, na nipumzike siku ngapi? Akikujibu la kwanza tu, usiingie uwanjani.