Picha Isiyofunguka Haitutetei

Ndugu wafanyakazi wa viwanda na mashamba,

Siku hizi karibu kila kikundi cha wachumaji chai kina mtu mwenye simu ya kupiga picha. Simu hiyo inaweza kuwa shahidi wetu. Lakini shahidi asiyesikika barazani ni sawa na asiyekuwapo. Haya tumejifunza kwa hasara, hapa Mbugangari, Gisenyi.

Wenzetu wa shamba moja la chai walilalamika kwamba mizani inawapunja kilo. Walipiga picha na video kwa simu nne tofauti. Tukampelekea kijana anayetengeneza filamu za harusi hapa mtaani, atuunganishie filamu ya dakika tano ya kumwonyesha mkaguzi wa kazi.

Video mbili zilikubali. Ya tatu ilitoa sauti bila picha. Ya nne ilionyesha picha, lakini maneno ya mama mmoja yalikuja nyuma ya midomo yake. Na picha ya mizani, iliyokuwa muhimu kuliko zote, ilikuwa imepita WhatsApp ya watu wanne, tarakimu hazikusomeka. Mwenye simu alikwisha kuifuta picha ya asili ili apate nafasi. Mbele ya mkaguzi likabaki neno letu dhidi ya neno la msimamizi.

Tulimwuliza kijana sababu. Akatueleza kwa mfano wa kazi yetu wenyewe.

Herufi za mwisho wa jina la faili, kama MP4, MOV au AVI, ni jina la kikapu tu. Ndani ya kikapu mna majani, yaani picha na sauti zilizobanwa kwa njia fulani. Vikapu viwili vya MP4 vinaweza kubeba majani tofauti. Kimoja kina H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003, ambayo karibu kila programu inaisoma. Kingine kina HEVC ya mwaka 2013, ambayo huchukua nafasi ndogo zaidi, lakini wenye haki za uvumbuzi wake wanadai malipo. Ndiyo maana kompyuta nyingine za Windows haziifungui mpaka inunuliwe nyongeza ya Microsoft. Video yetu ya tatu ilikuwa hivyo: kikapu kilipokelewa, majani yakakataliwa.

Na ile sauti ya mama? Simu nyingi hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde, hasa mwanga ukipungua. Programu ya kuunganisha filamu hutaka idadi moja isiyobadilika, kama 25 au 30. Hesabu ikipishana, sauti na picha huachana.

Kwa picha za kawaida, JPEG hutupa sehemu ya habari ili faili iwe ndogo. Kila ikibanwa upya, hupoteza zaidi. PNG, iliyotoka mwaka 1996, haitupi kitu, lakini faili yake huwa kubwa. Simu za iPhone tangu mwaka 2017 huweza kuhifadhi picha kwa HEIC, ambayo programu nyingi za zamani haziijui.

Ndugu, jina JPEG ni la kamati ya wataalamu. Walikaa, wakajadiliana, na mwaka 1992 wakatoa kanuni moja. Kwa sababu hiyo picha iliyopigwa Gisenyi hufunguka Goma, Mombasa na Ulaya. Ni kama mkataba wa pamoja wa kazi: unatufaa kwa kuwa pande zote zimeukubali mapema. Sisi wa simu nne hatukuwa tumekubaliana lolote.

Basi sasa tumekubaliana haya:

Kwanza, picha ya asili haifutwi mpaka shauri liishe. Inawekwa nakala mahali pawili.

Pili, kwenye WhatsApp tunatuma kama dokumenti, si kama picha, ili isibanwe.

Tatu, mwenye iPhone aingie kwenye mipangilio ya kamera na kuchagua muundo unaokubalika zaidi. Hapo simu itatoa JPEG na H.264.

Nne, kabla ya kupiga tunamwuliza mwunganishaji programu yake inasoma nini. Video ikigoma, tunaijaribu kwa VLC, ambayo ni ya bure na hufungua aina nyingi. Kisha tunaigeuza kwa HandBrake, nayo ya bure, kuwa MP4 yenye H.264 na idadi moja ya picha kwa sekunde. Tunageuza nakala, si ile ya asili.

Mizani ile bado ipo, na majani yanapimwa kila siku. Safari ijayo tarakimu zitasomeka, na mama yule atasikika maneno yakitoka kinywani mwake.

Umoja ni nguvu.