Taa ya Eabegi Imezimika, Eabegi Je?

Gari limetoka gereji. Bampa limebadilishwa, rangi imeshika, boneti inafunga bila kugoma. Lakini kwenye dashibodi kale kamchoro kekundu ka mtu mwenye puto kifuani bado kanawaka, na mwenye gari ana swali moja tu kwa fundi umeme: “Hiyo taa tunaizimaje?” Gerezani, Dar es Salaam, huulizwa hivyo, Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, hivyohivyo. Anayeuliza kama eabegi yenyewe bado ipo ni wa kutafuta kwa tochi.

Mtaani jibu lipo, tena kwa bei ya soda: rezista.

Ni kidude kinachokaribia punje ya mchele. Kinazungushiwa utepe mweusi na kuchomekwa kwenye soketi ya njano ndani ya usukani, mahali pa eabegi. Kila ufunguo unapozungushwa, kompyuta ya eabegi hupitisha umeme mdogo mno kupima kiwashio cha mfuko, ambacho kwa kawaida kina ukinzani wa ohmu 2 hivi. Rezista ya ohmu 2 hujibu vilevile. Kompyuta inaridhika, taa inazimika, mwenye gari analipa na kushukuru.

Gari likigonga tena, kompyuta hutuma umeme wa kulipua. Unaishia kwenye rezista, rezista inapata moto, basi. Mfuko uliopaswa kujaa kwa takriban sehemu 30 kati ya 1,000 za sekunde haupo. Ulilipuka ajali ya kwanza, ukakatwa kwa wembe, kifuniko cha usukani kikabandikwa gundi na kupigwa rangi.

Utetezi wa wanaoweka rezista nao haubadiliki: “Ni sensa tu inasumbua.” Sensa ipi? Nani ameipima? Kwa mashine gani? Hapo huwa kimya. Wapo wasiohangaika hata na rezista: huchomoa balbu ya taa, au huunga waya wake na taa ya oili. Ujanja huu hukamatwa bila kufungua skrubu hata moja. Ufunguo ukizungushwa kabla ya kuwasha injini, taa ya eabegi lazima iwake, kisha izimike yenyewe baada ya sekunde kama 6 katika magari mengi. Isipowaka kabisa, huenda imechokonolewa. Ikizimika sambamba na ya oili injini inaponguruma, nayo imechokonolewa. Rezista pekee ndiyo hupita mtihani huo, na ndiyo maana ni hatari kuliko zote.

Wanaokubali kununua eabegi nao hukimbilia ya bei ya kutupa. Julai 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitahadharisha kuhusu vijazio bandia, yaani vifaa vya kuujaza mfuko, vilivyofungwa kwenye magari yaliyowahi kupata ajali: watu 3 walikufa na 2 wakaumia vibaya katika ajali ambazo wangeweza kutoka wazima. Za mtumba nazo zina kesi yake. Kampuni ya eabegi ya Takata ya Japani, iliyofilisika Juni 2017, ilitumia kwenye vijazio vyake amonia nitrati, ambayo huharibiwa na joto na unyevu wa miaka mingi. Ikilipuka, kasha la chuma hupasuka na vipande kumrukia dereva. Marekani peke yake viliitwa virudishwe vijazio takriban milioni 67. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Mombasa na Dar es Salaam.

Kazi halali ni hii. Betri ichomolewe na fundi asubiri dakika 1 na nusu au zaidi, kadiri mtengenezaji anavyoagiza. Mashine iwe inayosoma eabegi, si injini tu. Mita ya kawaida isiguse kiwashio. Honi ikifa pamoja na taa kuwaka, utepe wa waya nyuma ya usukani ukaguliwe kwanza. Vibadilishwe kwa namba ya chesisi: eabegi zilizolipuka, kompyuta yake, sensa za mbele, na mikanda ambayo vikazio vyake vimelipuka. Waya za njano zisiungwe kienyeji. Kioo cha mbele kigandishwe sawasawa, maana eabegi ya abiria hukiegemea.

Asiye na fedha ya vyote hivyo aiache taa iwake, afunge mkanda kila safari, na siku ya kuuza gari amweleze mnunuzi kwa nini inawaka.