Maana ya Isotopu, na Maji ya Mlima Meru

Neno isotopu limetokana na maneno mawili ya Kiyunani: isos, yaani sawa, na topos, yaani mahali. Lilipendekezwa na tabibu wa Uskoti, Margaret Todd, naye Frederick Soddy akalitangaza mwaka 1913. Mahali panapokusudiwa ni katika jedwali la elementi. Idadi ya protoni ndiyo iipayo elementi jina na chumba chake; lakini atomu za chumba kimoja zaweza kuhitilafiana kwa idadi ya nyutroni, na kwa hiyo kwa uzito. Neno hilo, basi, lataja kilicho sawa na kunyamazia kinachohitilafiana, nacho ndicho chenye faida.

Maji ya Mlima Meru ni mfano mzuri. Oksijeni ina protoni 8, na atomu zake nyingi zina nyutroni 8. Ila katika kila atomu 1,000, kiasi cha 2 zina nyutroni 10. Wingu lipandapo mlima huo, ambao kimo chake chapita mita 4,500, hutangulia kuangusha maji mazito. Kwa hiyo mvua ya juu huwa nyepesi kuliko ya chini. Ziwani, kama kule Momella, jua huchukua zaidi maji mepesi, mazito yakabaki. Basi mtaalamu apimaye maji ya kisima cha Arusha aweza kukisia yalinyesha kimo gani, au kama yalipata kukaa juani. Umri wake hukisiwa kwa isotopu zinazooza: tritiamu, yaani haidrojeni yenye nyutroni 2, hupungua nusu kwa miaka 12 hivi, kaboni 14 kwa miaka 5,730.

Huu si udadisi mtupu. Meno ya kahawia ya wakazi wengi wa huko husababishwa na floridi itokayo katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja, na visima vingi vimepita kipimo hicho. Ndiyo sababu Ngurdoto kukawa na kituo cha utafiti wa kuiondoa. Lakini florini haina isotopu ya pili katika maumbile: atomu zake zote zina protoni 9 na nyutroni 10, wala hazina alama ya kufuatia nyayo zake. Hapana budi kuyafuata maji yenyewe. Yaliyodumu sana miambani mara nyingi ndiyo yenye floridi nyingi, na hivyo yafaa chemchemi na visima vya jirani vipimwe kabla ya kuchimbwa kisima kipya.