Pikapu ya Porini Huanzia Toi

Anayetaka kuandaa pikapu ya kwenda Magadi, Marsabit au ufukweni mwa Ziwa Turkana huambiwa aanzie kwenye maduka ya vifaa vipya, ambako hema la juu ya gari na friji ndogo vinaweza kummaliza pesa kabla hajanunua hata jeki. Mimi humwelekeza kwanza Soko la Toi. Unashuka Adams Arcade kwenye Ngong Road, unaingia upande wa Kibera, na baada ya hatua chache uko katikati ya vibanda. Vitu vya kulalia, kuvaa, kupikia na kupakia mizigo vimejaa hapo, vimekuja ndani ya belo kutoka nchi ambako watu hupiga kambi wikendi mbili kisha wakagawa kila kitu. Soko hili liliteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyabiashara wakalisimamisha tena, na jicho lao kwa bidhaa nzuri ni la kuheshimiwa.

Sharti langu ni moja. Toi ununue kitu ambacho kikiharibika utalowa, utasikia baridi au utakula chakula kibichi. Kitu ambacho kikikatika kinaua mtu, au kikishika moto kinaondoka na gari, ununue kipya, hata kama itabidi safari isogezwe hadi mwezi ujao.

Anza na hema. Likitoka kwenye belo mara nyingi halina vigingi, na pengine limepoteza nguzo moja. Hayo yanarekebishika: fundi wa kuchomelea atakukatia vigingi vya nondo ya milimita 8 na kuvipinda kichwa. Kisichorekebishika ni mpako. Mahema mengi ya siku hizi ni ya poliesta au nailoni iliyopakwa kwa ndani utando mwembamba wa poliyurethani, na utando huo ndio unaozuia maji. Adui wake ni unyevu. Hema likikunjwa kabla halijakauka, likakaa stoo miaka kadhaa, utando huvunjika kikemikali polepole bila mtu kuona chochote kwa nje.

Kwa hiyo usinunue hema likiwa limekunjwa. Muuzaji mzuri hakatai ukimwomba kwa adabu. “Mama, naweza kulifungua nilione ndani?” “Fungua tu, mwanangu, bora ulirudishe vile umelipata.” Ingiza mkono upande wa ndani wa sakafu, kandamiza kitambaa kwa kidole gumba, kisha achia. Kikinata kwenye ngozi, au ukikisugua kikatoa maganda meupe membamba, liache. Tumia pua pia: utando uliooza hunuka uchachu unaokaribia harufu ya matapishi, na hakuna sabuni inayouondoa. Angalia na mishono. Utepe uliobanduka kwenye mshono si msiba, kwa kuwa unaweza kubandikwa mwingine. Mpako uliokufa ndio msiba.

Kisha tafuta lebo. Nyingi zina namba inayoishia na milimita, tuseme 2,000 au 3,000. Hiyo ni kimo cha safu ya maji ambacho kitambaa kinaweza kuhimili kabla hakijaanza kupenyeza. Kwa kifuniko cha nje 1,500 hadi 2,000 inatosha mvua ya kawaida, lakini sakafu inataka zaidi, maana goti la mtu aliyepiga magoti husukuma maji kwa nguvu kuliko matone ya mvua.

Mifuko ya kulalia nayo ina lebo inayosomeka kwa urahisi ukijua utaratibu wake. Iliyotengenezwa kwa vipimo vya Ulaya huonyesha viwango vitatu vya nyuzi: cha kulala kwa starehe, cha chini kabisa ambacho mtu anaweza kulala akiwa amejikunja, na cha hatari ambacho kinamaanisha tu kwamba hutakufa. Wewe nunua kwa kuangalia cha starehe, na kwa kuwa mfuko ni mtumba na manyoya yake au pamba yake imeshalala, ukiongezee nyuzi kadhaa. Anayekwenda Magadi, kwenye kimo cha mita kama 600, anahitaji shuka na chandarua kuliko mfuko mzito. Anayepanda Aberdare atalala juu ya mita 3,000, ambako alfajiri hukaribia kuganda, na hapo lebo si pambo.

Viatu vya kupanda mlima vina ugonjwa uleule wa hema. Povu lililo kati ya soli na ngozi huzeeka hata kama kiatu hakijavaliwa, na siku ya kwanza ya kutembea soli huachana na kiatu chote. Pinda kiatu mikononi kwa nguvu. Ukiona mipasuko kwenye povu, rudisha hata kama ngozi inang’aa.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe, ambako watu wengi hukosea kwa sababu huona nafasi badala ya uzito. Pikapu za aina ya Hilux, au D-Max inayounganishwa hapa Nairobi na Isuzu East Africa, hubeba kati ya kilo 700 na tani moja hivi, kutegemea kabini na injini. Namba kamili iko kwenye kitabu cha gari. Inaonekana nyingi. Hebu tuhesabu. Watu wazima wanne, kilo 280. Maji lita 60, kilo 60. Dizeli lita 40 kwenye mitungi, kilo 34. Kanopi, 90. Hema la juu, 60. Bampa la chuma la mbele, 50, na winchi yake 40. Tairi la pili la akiba, 30. Chakula, vyombo na spana, 80. Hapo umefika kilo 724, na bado hujapakia kiti, meza, friji wala betri ya pili.

Wengine hujibu kwa kuongeza bapa la springi nyuma. Gari litainuka na litaonekana limepona, ila breki, ekseli na chasisi ni zilezile zilizotoka kiwandani. Kwenye pikapu ya kabini mbili, mzigo mzito uliokaa nyuma ya ekseli hurukaruka kwenye mashimo na kuivuta chasisi chini kila mara, na zipo pikapu zilizopinda hapo nyuma ya kabini zikiwa mbali na fundi yeyote. Mzigo mzito ukae mbele ya ekseli ya nyuma, chini, ukiwa umeegemea kabini.

Ndiyo maana naipenda Toi. Hema la ardhini la watu watatu, lililokaguliwa vizuri, lina uzito wa kilo nne au tano, ambapo la juu ya gari ni 50 hadi 70, tena limewekwa mahali pabaya kuliko pote, kwenye paa, ambako gari likiinama ubavuni linasaidia kulipindua. La juu lina raha yake, sikatai: halijali mawe wala matope, na hufunguliwa haraka. Lakini ukitaka kwenda kuchota maji jioni itabidi uvunje nyumba kwanza. Kwa pikapu ambayo kesho yake itarudi kubeba viazi au saruji, sioni sababu ya kuifunga kilo 60 kichwani.

Kanopi nayo ina hesabu yake. Wachomeleaji wa Kawangware wanaweza kukutengenezea fremu nzuri, ila ukimwambia fundi “weka imara” atachukua chuma kizito. Bomba la mraba la milimita 40 lenye unene wa 3 lina kama kilo 3.5 kwa mita. La milimita 25 lenye unene wa 1.5 lina kilo 1.1. Fremu ikitumia mita 20, tofauti ni kilo 70 dhidi ya 22, na kwa kazi ya kushikilia turubai lile jembamba linatosha kabisa mradi lipate mihimili ya mshazari kwenye pembe. Mwambie fundi afunge fremu kwa bolti na asiichomelee kwenye bodi, ili siku ya kazi uivue. Kama unapanga kulala ndani, pima kwanza: kitanda cha kabini mbili ni kama mita moja na nusu, na mtu mzima hatanyoosha miguu pasipo kufungua mlango wa nyuma. Kabini moja hupita mita mbili, na ndiyo nyumba bora.

Masanduku ya bati hutoka Kamukunji, lakini Toi utapata mabegi ya turubai na ya michezo, ambayo ni mepesi na hayapigi kelele barabarani. Tenga begi moja la kulala, moja la jikoni, moja la vifaa vya gari, na hilo la mwisho liwe la kwanza kufikiwa mlango ukifunguliwa.

Vya kununua vipya ni vichache, lakini hapo sipunguzi. Cha kwanza ni mkanda wa kuvutia gari lililonasa. Toi zipo kamba nyingi nzuri kwa macho, za kupandia milima, za boti, mikanda ya malori. Nailoni iliyokaa juani hupoteza nguvu bila kubadilika sana sura, na huwezi kujua ile kamba ilibeba nini huko ilikotoka. Mkanda maalumu wa nailoni hurefuka kwa kiasi cha asilimia 20 hadi 30 gari la mbele linapouvuta, kisha hurudi na kulichomoa lililonasa. Nguvu hiyo iliyohifadhiwa ndani yake ikiachiliwa ghafla, kipande chochote cha chuma kilichofungwa mwishoni hugeuka risasi. Kwa sababu hiyo usifunge kamwe mkanda kwenye kirungu cha kuvutia trela. Virungu hivyo vimewahi kung’oka na kuua watu waliokuwa wamekaa ndani ya gari. Fundi akuwekee ndoano au pingu zilizoshikwa na chasisi kwa bolti, mbele na nyuma, na watu wote wasimame mbali wakati wa kuvuta.

Cha pili ni tairi. Ubavuni mwake kuna duara dogo lenye tarakimu nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye meno marefu linavutia, lakini raba iliyozeeka hupasuka ubavuni kwenye mawe ya moto ya njia ya Shompole. Likiwa zima, tairi ndicho kifaa cha porini cha bei nafuu kuliko vyote, kwa kuwa ukipunguza upepo kutoka pauni 35 hadi 18 au 20 mchangani, alama yake ardhini hurefuka na gari huacha kujichimbia. Punguza na mwendo, usikate kona kwa ukali, na uwe na pampu ya kuurudisha kabla ya kupanda lami. Kwenye udongo mweusi uliolowa ujanja huo hausaidii sana. Hapo dawa ni kusimama, kuchemsha chai na kungoja jua.

Wengi huniuliza kuhusu ile pua ndefu ya kuvutia hewa wanayoiona kwenye magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953 na ambayo tangu 2021 yamerudi katika ubingwa wa dunia yakiwa na makao Naivasha. Ni kifaa cha maana: huchota hewa juu ya wingu la vumbi, na husaidia kuvuka maji. Ila kwa msafiri wa kawaida, kufungua kisanduku cha filta ya hewa kila jioni na kuikung’uta kunampa sehemu kubwa ya faida hiyo bure.

Cha tatu ni umeme, na hapa naomba usikilizwe ushauri huu hata kama mengine yote utayaacha. Friji ya volti 12 hula ampia 3 hadi 5 kompresa inapozunguka, na kwa siku yenye joto inaweza kumaliza jumla ya ampia-saa 30 au 40. Betri ya kawaida ya risasi ya ampia-saa 70 haipaswi kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo ukiliegesha gari siku moja huku friji ikitegemea betri ya kuwashia, asubuhi ya pili huondoki. Betri ya pili inahitajika, pamoja na relei inayozitenganisha injini ikizimwa. Waya unaotoka kwenye betri upate fyuzi karibu kabisa na betri yenyewe. Na pale waya unapopita kwenye tundu la bati, lazima tundu livalishwe pete ya raba. Chunguza hapo kwa tochi: barabara ya mawimbi hutikisa waya kwenye ukingo wa bati hadi ngozi yake ikachubuka, shaba ikagusa bodi, na betri ikamwaga mamia ya ampia mahali pamoja. Bila fyuzi, waya unakuwa mwekundu ndani ya sekunde chache, ukiwa umelazwa kando ya mtungi wa dizeli.

Jikoni hakuna haja ya makuu. Sufuria za Toi zinatosha, na mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, ule wa meko, hupika popote. Usimamishwe wima na ufungwe nyuma, usiingizwe ndani ya kabini. Maji yawe kwenye mitungi ya lita 20 inayoweza kuoshwa, kwa sababu tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga na misitu ya hifadhi ya Kenya.

Ukishanunua hema, kabla hujatoka Toi pita kwa washonaji. Zipu inayofunguka nyuma ya kichwa chake kwa kawaida haijafa. Kichwa ndicho kimelegea, na kubadilishwa kwake ni kazi ya dakika chache. Washonee pia viraka vya chandarua, uwalipe, kisha ulisimamishe hema nyumbani na kulimwagia maji ya ndoo mbili kwenye mishono huku mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Linapovuja, atie alama kwa chaki.